Harusi Iliyoonekana Ng'ambo

Wewe mama uliye na binti mchezaji, ninakuandikia wewe. Sikuandikii umkataze. Wangu sikumkataza, na hata leo huwezi kunisikia nikisema kucheza ni kubaya. Nakuandikia ujue hatari inaingilia wapi. Sisi tulifunga milango yote tukasahau tundu moja, na ni kwenye tundu hilo mtoto wangu alionwa na dunia nzima. Masomo yangu ni ya shule ya msingi tu, hapa hapa Garissa, kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali, wewe shika maana.

Binti yangu anaitwa Ilwad. Tangu amalize kidato cha nne, kazi yake ilikuwa kucheza buranbur. Kwa asiyeijua, buranbur ni mashairi ya wanawake. Siku ya harusi wanawake wanajifungia peke yao, mmoja anasoma mashairi ya kumsifu bi harusi na ukoo wake, wengine wanapiga ngoma na makofi, halafu mchezaji anaingia katikati. Humo ndani mashungi na jilbabu vinavuliwa. Nywele ziko wazi, mikono iko wazi, watu wanacheka mpaka magego yanaonekana, kwa maana hakuna mwanamume wa kuona.

Ilwad alikuwa akiitwa kila harusi, mpaka Balambala. Akiingia katikati, hata wale waliokuwa wakigombania viti wananyamaza. Miguu yake haina haraka. Anaifanya ngoma imngoje, imngoje, halafu anaiachia ghafla. Mimi mama yake nimemwona mara nyingi na kila mara nasahau hata kupiga makofi.

Aliyemfundisha ni Ayeyo Rukiyo. Ayeyo kwetu ni nyanya, lakini huyu si nyanya yake wa damu. Ni jirani yetu, mzee wa mashairi. Magoti yalipomzuia kucheza, alimchukua Ilwad akiwa mdogo akasema, "Huyu ana masikio kwenye miguu. Nipeni." Tukampa.

Baba yake Ilwad, mume wangu Kulow, ni mtu wa ng'ombe. Anakaa Sangailu na mifugo, mjini anakuja siku za mnada. Ilwad alipomwambia kwamba kucheza ndiyo kazi anayotaka maishani, hataki ualimu wala duka, Kulow alinyamaza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Cheza. Wanawake wamechezeana tangu zamani. Lakini nisikilize. Siku mwanamume atakapokuona, kazi hiyo imekwisha. Sitakupiga wala sitapiga kelele. Itakuwa imekwisha tu."

"Nimekubali, aabo," Ilwad akamwambia baba yake.

Kulow hajawahi kurudisha neno lake. Niliolewa naye nikijua hivyo.

Basi ikaja harusi ya Fowsiya, mjukuu wa Ayeyo Rukiyo. Mama yake Fowsiya ni Nunow, mwanamke wa mipango, hana mchezo. Mlangoni aliweka beseni kubwa na dada yake akasimama hapo kukusanya simu. Kila aliyeingia aliacha yake, mimi pia. Kuna msichana alijaribu kuficha yake kifuani, akaambiwa, "Abaayo, dada yangu, hicho kifua kinawaka taa, toa." Tulicheka sana. Tulikuwa na amani. Ilwad alicheza siku hiyo kama sijawahi kumwona, na Ayeyo mwenyewe ndiye aliyesoma mashairi, ameketi kwenye kiti chake, sisi wote tumesimama duara.

Harusi ikapita. Wiki hiyo hiyo nilikuwa sokoni nauza maziwa ya ngamia, akaja Maryan. Maryan ni mke kijana wa mtaa wetu, alikuwa harusini pia. Alikuja amefunika uso, macho yake mekundu. Hakunisalimu. Alinisogezea simu.

"Mama Ilwad, huyu ni nani?"

Nikatazama. Ni Ilwad, nywele wazi, katikati ya duara.

"Na huyu nyuma yake?"

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi! Nimefungua mdomo kama punda anayepiga miayo! Mume wangu ametumiwa na rafiki yake. Rafiki yake, Mama Ilwad, mwanamume! Ananiuliza, hayo meno ulikuwa unamchekea nani?"

"Nani ameitoa?"

"Unaniuliza mimi? Muulize binti yako. Si ndiye anataka kuwa staa?"

Nilimwachia mwenzangu madumu ya maziwa nikakimbilia nyumbani. Njiani nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Kulow alikuwa njiani na ng'ombe, kesho yake angekuwa kwenye mnada. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haionyeshi picha yoyote, na hiyo ndiyo kinga pekee niliyokuwa nayo. Lakini madalali wa ng'ombe wote wana simu kubwa, na dalali akingoja mteja kazi yake ni kutazama video na kumwonyesha aliye karibu.

Ilwad nilimkuta ameketi kwenye mkeka.

"Hooyo, nimeiona," akaniambia mimi mama yake.

Nilichukua simu yake nikaitazama tena na tena, natafuta mkono wa aliyeifanya. Picha imechukuliwa kutoka chini. Mtu aliyesimama haoni hivyo. Ni mtu aliyekaa, na siku ile aliyekaa alikuwa mmoja tu. Halafu kila mwanamke wa ile duara anaonekana isipokuwa huyo mmoja. Sauti yake ndiyo iko karibu kabisa, inasoma mashairi, halafu inakatiza shairi na kusema, "Mtazame! Huyo ndiye niliyekuambia!"

"Ni Ayeyo," nikasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Ngoma ilipokwisha nilimwona anaagana na Roda kwenye simu."

Roda ni binti mkubwa wa Ayeyo, yuko Amerika miaka mingi. Ng'ombe wa harusi ile alinunua yeye, na nguo za bi harusi alileta yeye, lakini kuja mwenyewe hakuweza. Simu ya Ayeyo inakaa shingoni kwa kamba, chini ya shuka. Kwenye beseni haikufika, kwa maana nani kwetu atamnyooshea mkono mwanamke wa umri ule, tena mwenye harusi, amwambie toa simu? Hata yule dada wa Nunow alimbusu mkono akampisha, na huko ndani macho yetu yote yalikuwa kwenye miguu ya Ilwad.

"Hakupiga picha, hooyo," Ilwad akasema. "Kwake yeye Roda alikuwa ameingia chumbani amekaa na sisi. Mtu akiongea na mtoto wake ni dhambi? Wale wa upande wa Roda ndio walioichukua kutoka kwenye simu yake."

"Basi tutasema hivyo."

"Usimtaje." Alinishika kifundo cha mkono, na ana nguvu huyu mtoto. "Hooyo, nakuomba. Yule mzee akijua ni yeye, hatasoma shairi tena maisha yake."

Sikuahidi kitu, yeye akachukulia nimekubali.

Alasiri ile ile Nunow aliita wanawake nyumbani kwake. Chumba kilijaa. Wengine walikuwa wameshagombana na waume zao, mmoja alikuwa amerudishwa kwao kwa muda. Na aliyekuwa na hasira kuliko wote, aliyepiga fimbo sakafuni, alikuwa Ayeyo Rukiyo.

"Aliyefanya hivi Mungu amtoe hadharani!" alikuwa akisema. "Anauza nywele za watoto wetu! Akae hapa hapa tumwone uso!"

Nilimtazama Ilwad, yeye anatazama mkeka.

Nunow akaleta msahafu. "Ilwad, sisi tunakupenda. Lakini ni wewe ulikuwa katikati, na ni wewe ulisema unataka siku moja kucheza mbele ya watu wengi Nairobi. Apa."

Ilwad alikuwa na udhu. Akaweka mkono. Akaapa kwamba hakuchukua video ile, hakumtuma mtu, na hakuna aliyemlipa. Wanawake wakaanza kulegea. Nikafikiri yamekwisha. Lakini Maryan akasogea mbele.

"Mkono usiutoe. Je, unamjua aliyefanya?"

Ilwad akanyamaza.

"Swali ni dogo, abaayo. Unamjua, humjui?"

Nilisikia feni tu ikizunguka juu.

"Ahaa. Kumbe staa amekosa sauti," mmoja akasema huko nyuma.

"Miguu ndiyo inaongea, mdomo umefungwa," mwingine akaongeza, wakacheka kicheko kibaya.

Ayeyo akamgeukia mwanafunzi wake. "Sema, mtoto wangu. Unamficha nani? Mtaje, hata kama ni mwanangu wa tumboni!"

Ilwad akainua macho akamtazama. Machozi yalikuwa yamejaa, hakuyaacha yaanguke. Akarudisha macho chini.

Nunow akafunga msahafu. "Basi. Anayemficha mwizi ameshika gunia pamoja naye. Nitaandika kwenye kundi letu la simu, wajue Garissa nzima na Balambala na Ijara. Hakuna nyumba itakayomwita huyu tena."

Sasa wewe mama, niambie, ungefanya nini? Nilikuwa na mtoto wangu upande huu, na upande ule mwanamke aliyemlea mtoto huyo miguu yake. Sikufikiri sana. Nilifungua mdomo.

"Ayeyo," nikasema, "Roda aliiona harusi?"

Uso wake ukabadilika mara moja, ukawa na furaha. "Aliiona yote! Alilia! Mimi mwenyewe nilimshikia mpaka mkono ukauma. Akasema, hooyo, ni kama niko hapo."

Nunow alijifunika uso kwa shungi lake. Ayeyo alitutazama mmoja mmoja, hajaelewa bado.

"Kwani nini? Mimi sikupiga picha. Niliongea na mtoto wangu."

Ni Maryan aliyemjibu, na safari hii aliongea polepole, kama mtu anayeamsha mgonjwa. "Ayeyo, nyumbani kwa Roda kuna nani?"

"Kuna Roda, na mume wake, na wale vijana wake, na rafiki zao wanakuja kula..."

Akaishia hapo. Mkono wake ulipanda shingoni, ukaikuta ile kamba. Akaivua akaiweka simu sakafuni, mbali na miguu yake, kama mtu anavyoweka kitu kinachouma.

Ilwad aliinuka akatoka. Nilimfuata nikamkuta barabarani anasimamisha tuktuk.

"Umemvua mbele ya watu," akaniambia.

"Ningewaacha wakuvue wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshavuliwa, hooyo."

Akapanda tuktuk akaondoka. Lakini nakuambia ukweli, hata leo ningeuliza swali lile lile.

Kesho yake Kulow alikuja mchana kutoka mnadani. Alivua viatu, akanawa, akakaa. Nikajua kabla hajasema.

"Nimeonyeshwa," akasema. "Dalali aliniambia, mzee, tazama msichana huyu, hajazaliwa mwingine. Hakujua ni wangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia funga."

Nilimweleza yote. Beseni, Roda, Ayeyo, kiapo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akamwita Ilwad.

"Sikusema siku utakapokosea," akamwambia. "Nilisema siku mwanamume atakapokuona. Wewe hujakosea. Imekwisha tu."

Ilwad akasema, "Ndiyo, aabo." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Jua lilikuwa kali, lile jua letu la kabla ya mvua, mbuzi wenyewe wanakaa ubavuni mwa ukuta. Nikasikia tuktuk imesimama nje. Alikuwa Ayeyo Rukiyo, peke yake, na fimbo yake; neno la Kulow alilijua tangu zamani. Alishuka. Hakupiga hodi. Aliketi chini kwenye mchanga mbele ya lango letu, mahali pasipo na kivuli.

Kulow alitoka na mkeka. Ayeyo akaukataa. Nikatoka na maji. Akayakataa pia.

"Mimi ndiye niliyemtoa nje huyu mtoto," akasema. "Sinywi maji ya nyumba hii, na sitoki hapa, mpaka umrudishie kazi yake."

Mgeni kukataa maji yako ni aibu. Mwanamke mzee kukataa maji yako, ameketi kwenye vumbi langoni pako, hiyo ni habari inayofika Sangailu kabla yako. Watu walianza kusimama. Mwenye duka wa jirani alitoka. Watoto wa madrasa walipita wakarudi.

"Ayeyo, ingia ndani tuongee," Kulow akasema.

"Tunaongea hapa."

"Neno langu nililitoa mbele ya Mungu."

"Na langu nimelitoa sasa hivi. Tuone lipi litachoka."

Kulow aliketi mlangoni, kivulini, uso kwa uso naye. Nilikuwa naenda kati yao kama kichaa. Ayeyo ana kisukari na presha, mtaa mzima unajua. Nilimwona anapangusa midomo na hakuna unyevu wa kupangusa. Kidogo kidogo kichwa chake kilianza kuinama, anakiinua, kinainama tena.

"Kulow, atakufa hapa," nikamnong'oneza. "Atafia langoni petu."

Alikuwa na tasbihi mkononi, lakini hakuwa anaihesabu, aliibana tu. Wakati huo ndipo nilipomwogopa mume wangu, kwa maana niliona na yeye anaumia, na bado haondoki.

"Wewe baba, mpe tu!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka barabarani. "Ni ngoma tu, si damu!"

"Mama, nenda zako," Kulow akasema bila kumtazama.

Ayeyo aliegemea mkono, mkono ukateleza kwenye mchanga. Nilipiga kelele.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Ilwad alitoka na kikombe cha maji. Alimpita baba yake, akachuchumaa mbele ya Ayeyo, jua likampiga mgongoni hata mzee akapata kivuli chake.

"Kunywa, Ayeyo. Nimeacha."

"Unasema uongo."

"Sisemi uongo. Si yeye anayeninyima. Nimeacha mwenyewe. Hakuna tena kitu cha kumdai. Kunywa."

"Na mashairi yangu nitampa nani achezee?"

Ilwad alimshika kisogo kama mtoto mchanga, akampelekea kikombe mdomoni. Ayeyo alikunywa. Alikunywa analia, maji mengine yakamwagika shukani. Tukambeba mimi na Ilwad tukamwingiza ndani, na Kulow akavaa viatu akaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado.

Tangu siku hiyo video haijarudi ilikotoka, bado inazunguka. Roda alipiga simu akilia, akasema vijana wake wameifuta, lakini unafuta nini kilichoshafika mpaka mnadani? Nunow alikuja kuomba radhi, wanawake wengine pia. Maryan ananitumia salamu kwa watu. Wanamwita Ilwad kwenye harusi, sasa kuliko zamani. Anakataa kwa adabu. Anauza vitambaa dukani kwa shangazi yake Hamdi; anakunja, anakunjua, na mteja akitaka kuona kitambaa kinavyoanguka, yeye anamwonyesha kwa kukiweka juu ya meza, hakivai.

Basi shika haya, mama mwenzangu. Usiulize tu nani ana simu. Uliza nani yuko ndani ya hiyo simu, na nyuma ya huyo nani ameketi. Mlangoni muweke mtu asiyeona haya kumwambia hata nyanya, nipe. Atatukanwa, atukanwe. Na la pili, usikubali kazi ya mtoto wako itundikwe kwenye neno lisilo na nafasi ya kosa la mtu mwingine. Neno likitolewa, kabla chai haijapoa, sema wewe mama, "Na akionwa bila kosa lake?" Liulize siku hiyo hiyo. Baadaye ni jua na mchanga.

Juzi Kulow alikuja na ng'ombe. Tulipokuwa tunakula aliniuliza, kama mtu asiyejua kitu, kama si yeye aliyesema imekwisha, "Mbona Ilwad haendi harusini siku hizi?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Hajamuuliza bado. Yuko nje sasa hivi, amekaa karibu na mlango wa Ilwad, anatengeneza kamba ambayo haijakatika. Kesho kuna harusi kwa kina Bare, majirani zetu. Nimemfulia Ilwad nguo yake ya kuchezea, hakuna aliyeniambia nifue, na nimeianika mahali ambapo wote wawili watapita.